Uliza Majina

Karatasi imekunjwa mara nne, ina doa la chai,
mwandiko wa Maalim Foum aliyetusomesha sayansi
kabla macho hayajamwacha.
"Anza Mnazi Mmoja, asubuhi, kabla ya chai.
Usichukue wa kukuongoza.
Usiulize njia. Uliza majina."
Na chini, kwa wino mwekundu wa kusahihishia:

Mji una siri zake, hausemi na mgeni,
jina lina mti wake, hata ukishawa kuni,
daraja na maji yake, yamelala mchangani,
miguu na iyasake, yaliyofutwa ramani.

Vina vyake vimelegea, lakini
mie nani wa kumkosoa? Alinipa sufuri mara mbili.

Basi Jumamosi hii niko peke yangu,
na viatu vya kuendea skuli.
Mnazi Mmoja nahesabu minazi:
tisa, kumi, wa kumi na moja radi imeukata kichwa.
"Upi ndio wenyewe?" namuuliza mfyekaji.
Hainui hata uso. "Kila mmoja ni mmoja," anasema.
Naandika hivyo hivyo.

Mkunazini hakuna mkunazi.
Kuna nyaya, kuna paka wawili barazani,
kuna duka la Bwana Mohsin
lauza ubani, pamba, sanda kwa pima,
na pakti ndogo za majani ya mkunazi
yaliyokwisha kusagwa.
Ndipo nikajua mti ulikokwenda:
umewaosha watu wa mtaa, mmoja mmoja,
mpaka ukaisha.
Nimenunua pakti. Sijui kwa nini.

Darajani nasimama kati ya njia, pikipiki zanipigia honi.
"Nyamaza," karatasi inasema, "sikiliza chini ya nyayo."
Nasikia redio mbili zikigombana.
Nasikia mwenye mitumba akiapa kwa mamaake
kuwa koti hili halijavaliwa.
Maji, la.
Na hapa, kwa mujibu wa Maalim,
kaa walikuwa na njia zao,
mikoko ililea wanawe topeni,
na miji miwili ilitazamana kwa jicho la pembeni.
Hadi leo twasema Ng'ambo.
Ng'ambo ya nini,
hatuulizani.

Kisiwandui nimefika kisiwani kwa miguu mikavu
kama kaumu ya Musa,
ila nyuma yangu si Firauni, ni mkokoteni wa saruji:
"Pisha, mwalimu! Pisha!"

Michenzani, majumba marefu kama treni isiyo safari.
Ghorofa ya tatu, ndani ya ndoo ya rangi, mti!
Moyo umeniruka.
"Bibi wee! Mchenza huo?"
"Mdimu!" anajibu. "Tena hauzai.
Wewe ndiye wa umeme?"

Karatasi yasema Mikunguni.
Njaa yasema urojo.
Njaa ikashinda, na bakuli li mkononi
mvua ya vuli ikaingia bila hodi.

Nikarudi Darajani mbio, kumbe
maji yamekwisha fika kabla yangu.
Yametoka mitaroni, yamepita kati ya meza za vitambaa,
hayakumuuliza mtu njia,
yanaelekea Funguni, kule kule kwao,
kama mtu aliyerudi safari ndefu
akakuta nyumba imeuzwa
na bado akavua viatu pale palipokuwa mlango.
Mwenye mitumba kapandisha makoti juu ya kamba,
anayatukana matusi ya nguoni.
Mie nimesimama ndani yake, yamenifika vifundoni,
pakti ya mkunazi imelowa mfukoni
na inatoa povu.

Nimeandika pembezoni, kabla wino haujatiririka:
*Kituo cha tatu, Maalim. Nimesikia.*

Jumatatu nina watoto arobaini na mmoja.
Nitawaambia waje pekupeku.